Alama Inageuka kwa Nini? Hesabu za Kutolingana kwa Mwanachuo na Mwalimu Mtarajiwa

Muulize mwanachuo yeyote aliyepita kidato cha nne: ukigawanya kwa namba hasi kwenye hesabu za kutolingana, unafanya nini? Atakujibu haraka, "Unageuza alama." Sasa muulize kwa nini. Wengi wataangalia juu, kisha watasema, "Ndiyo kanuni."

Mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni Hisabati, na jibu la "ndiyo kanuni" linanisumbua. Somo letu kwa miaka mingi limekuwa kati ya yale yenye ufaulu wa chini kwenye mtihani wa kidato cha nne. Sababu ni nyingi, lakini moja iko mikononi mwetu sisi tunaojiandaa kuingia darasani: tunagawa kanuni kama peremende bila kusema zimetoka wapi. Kwa hiyo ndugu zangu wa kitivo cha elimu, hili ni somo lenu. Nyie wa biashara, sheria na uhandisi msifunge gazeti. Kuna hesabu ya bumu na hesabu ya UE huko mbele, nazo zinawahusu.

Jibu si namba moja

Tuanze na tunachokijua. Mlinganyo 2x + 3 = 11 una jibu moja. Toa 3 pande zote, unapata 2x = 8. Gawanya kwa 2, x = 4. Umemaliza.

Sasa badilisha alama tu: 2x + 3 > 11. Hatua ni zilezile. Toa 3, gawanya kwa 2, unapata x > 4. Lakini hujapata namba, umepata eneo zima. 5 ni jibu, 4.1 ni jibu, 4.001 ni jibu, hata milioni ni jibu. 4 yenyewe siyo. Huwezi kuorodhesha majibu yote hata ukipewa karatasi zote za duka la vitabu. Ndiyo maana tunachora mstari wa namba: mchoro unabeba kile ambacho orodha haiwezi kukibeba.

Alama zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Alama ya sawa, =, iliingizwa kwenye kitabu na Robert Recorde mwaka 1557, kwa sababu alichoka kurudia maneno yaleyale kila mstari. Alama za < na > zilionekana kwenye kitabu cha Thomas Harriot kilichotoka London mwaka 1631, miaka 10 baada ya yeye kufariki. Watu walikuwa wanafupisha sentensi. Kwa hiyo kila ukiona alama hizi, kumbuka kuna sentensi nyuma yake, na ukishindwa kuisoma sentensi, alama haitakusaidia.

Mtego wa kwanza uko kwenye maneno

Maswali mengi ya mafumbo yanaharibika kabla hata hesabu haijaanza, pale mtu anapogeuza maneno kuwa alama. Yapange maneno hivi:

- "Zaidi ya 40", "inayozidi 40": x > 40
- "Kuanzia 40", "angalau 40", "isiyopungua 40", "si chini ya 40": x ≥ 40
- "Chini ya 40", "pungufu ya 40": x < 40
- "Isiyozidi 40", "mwisho 40", "si zaidi ya 40": x ≤ 40

Neno linalopiga watu chenga zaidi ni "angalau". Tunapolitumia mtaani lina harufu ya uchache: "nipe angalau mia tano". Mwanafunzi akilisikia anawaza kidogo, anaandika ≤. Lakini anayekuomba angalau mia tano hatakataa elfu moja! Mia tano ni sakafu, siyo dari. Mwambie mwanafunzi wako ajiulize swali moja tu: hii namba ni sakafu au ni dari? Sakafu ni ≥ au >, dari ni ≤ au <. Halafu ajiulize la pili: je, kusimama juu ya namba yenyewe kunaruhusiwa? Likiwa ndiyo, weka kile kistari cha chini ya alama.

Swali hilo la pili si la mapambo. Chukua umri. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Katiba inampa raia haki ya kupiga kura akitimiza miaka 18. Kwa alama, mtoto ni x < 18 na mwenye umri wa kupiga kura ni x ≥ 18. Angalia jinsi sentensi hizi mbili zinavyokutana pale kwenye 18: moja inaiacha, nyingine inaichukua. Hakuna anayeangukia katikati, na hakuna anayehesabiwa mara mbili. Zingekuwa zote na kistari, aliyetimiza 18 leo asubuhi angekuwa mtoto na mtu mzima kwa pamoja. Zingekosa kistari zote, asingekuwa popote.

Kuchora kwenye mstari

Kuchora kuna mambo matatu tu. Kwanza, chora mstari na uweke namba zako kwa nafasi sawa, ndogo kushoto, kubwa kulia. Pili, kwenye namba ya mpaka weka duara. Likiwa jeusi, namba hiyo imo kwenye jibu (≥ au ≤). Likiwa tupu, haimo (> au <). Tatu, kolezea mstari kuelekea upande wenye majibu na umalizie kwa mshale kuonyesha kwamba unaendelea.

Tuseme kufaulu kozi ni kuanzia alama 40. Mchoro wake uko hivi:

38 —— 39 —— ●40 ═══ 41 ═══ 42 ═══►

Wakibadilisha kanuni waseme "zaidi ya 40", mchoro unakuwa:

38 —— 39 —— ○40 ═══ 41 ═══ 42 ═══►

Tofauti ni wino ndani ya kiduara. Lakini kwa aliyepata 40 kamili, wino huo ndio tofauti ya kwenda nyumbani likizo na kubaki kusomea sapu. Mwanafunzi akisema "mwalimu, si duara tu hilo", mpe mfano huu.

Hesabu ya bumu, na kwa nini alama inageuka

Sasa tuje kwenye kiini. Una sh. 65,000 mkononi. Lazima ubakize sh. 10,000 ya kifurushi cha intaneti. Chakula kwa siku kinakula sh. 4,500. Pesa itakufikisha siku ngapi? Tuite siku hizo x.

Kuna njia mbili za kuliandika swali hili, na zote ni sahihi.

Njia ya kwanza: matumizi yote yasizidi pesa niliyonayo.

10,000 + 4,500x ≤ 65,000
4,500x ≤ 55,000
x ≤ 12.22

Njia ya pili: pesa inayobaki baada ya kula isipungue ile ya kifurushi.

65,000 − 4,500x ≥ 10,000
−4,500x ≥ −55,000

Hapa sasa tunagawanya kwa −4,500. Usipogeuza alama unapata x ≥ 12.22. Isome kwa Kiswahili: "pesa yangu itatosha nikila siku 12 na zaidi, na kadiri siku zinavyoongezeka ndivyo inavyozidi kutosha." Jamani, ingekuwa hivyo nani angelalamikia bumu? Jibu hilo ni kichekesho, na linapingana na njia ya kwanza ambayo haikuwa na utata wowote. Lazima alama igeuke, x ≤ 12.22, ndipo njia mbili zikubaliane.

Lakini hiyo inathibitisha tu *kwamba* inageuka. *Kwa nini* inageuka?

Jibu liko kwenye mstari wa namba. Kusema 2 < 5 ni kusema 2 iko kushoto kwa 5. Ukizidisha zote kwa −1, kila namba inaruka sifuri na kwenda kutua upande wa pili, umbali uleule. 5 ilikuwa mbali kulia, sasa −5 iko mbali kushoto. 2 ilikuwa karibu na sifuri, na −2 imebaki karibu na sifuri. Kwa hiyo −2 iko kulia kwa −5, yaani −2 > −5. Mstari mzima umepinduliwa kama picha kwenye kioo, na kwenye kioo mkono wa kulia huonekana wa kushoto.

Ukitaka mfano wa mtaani, tumia madeni. Mwenye akiba ya elfu tano ana hali nzuri kuliko mwenye akiba ya elfu mbili. Geuza akiba zote mbili ziwe madeni, na mpangilio unageuka palepale: mwenye deni la elfu mbili ndiye mwenye nafuu.

Kuzidisha au kugawanya kwa namba chanya hakuvuki sifuri, kunavuta mstari au kuukunja tu, hivyo mpangilio unabaki. Kuongeza na kutoa kunausogeza mstari wote kwa pamoja, kama foleni inayopiga hatua mbele: aliyekuwa nyuma yako bado yuko nyuma yako. Kwa hiyo hakuna kanuni tatu za kukariri. Kuna swali moja: je, mstari umepinduka?

Na kwa asiyeamini bado, kuna njia ya kukwepa kugawanya kwa hasi kabisa. Chukua 65,000 − 4,500x ≥ 10,000 na uongeze 4,500x pande zote:

65,000 ≥ 10,000 + 4,500x
55,000 ≥ 4,500x
12.22 ≥ x

Hakuna kilichogeuzwa. Isome kuanzia kulia: x ni ndogo kuliko au sawa na 12.22. Jibu lilelile. Mwanafunzi anayejua njia hii hata akisahau kanuni siku ya mtihani, hapotei.

Nilichokifanya darasani

Nilipokuwa BTP mwaka jana katika shule moja ya sekondari, mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliniuliza swali hili hili la kwa nini. Nilichora mstari wa chaki sakafuni kuanzia −6 mpaka 6, nikaita wanafunzi saba, kila mmoja nikampa karatasi yenye namba kuanzia −3 mpaka 3, wakasimama kwenye namba zao.

Nikasema, "Zidisheni kwa 2." Wakatawanyika, mwenye 3 akaenda 6, mwenye −1 akaenda −2. Nikauliza darasa: kuna aliyempita mwenzake? Hakuna. Wakarudi. Nikasema, "Zidisheni kwa −1." Hapo ikawa vurugu, watu wanapishana, wanagongana mabega, mwenye sifuri amesimama palepale anacheka. Walipotulia nikawaambia waangalie aliyekuwa kulia kwao yuko wapi. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, sisi wote tumegeuka, kwa hiyo na alama lazima itufuate."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo kwenye mhadhara wowote. Gharama yake ni chaki moja na dakika kumi. Wenzangu mnaokwenda BTP, jaribuni. Ila msiwape wanafunzi kanuni kabla ya mchezo, waacheni waitamke wenyewe.

Hesabu ya UE

Tuseme kozi ina alama 40 za majaribio na kazi za darasani, na UE inabeba 60. Karatasi ya UE inasahihishwa kwa 100, kisha inachukuliwa asilimia 60 yake. Kufaulu ni kuanzia 40, na A ni kuanzia 70. Wewe umeingia na 23 kati ya zile 40. Ili upate A unahitaji m ngapi kwenye karatasi?

23 + 0.6m ≥ 70
0.6m ≥ 47
m ≥ 78.33

Karatasi haina alama ya 78.33, kwa hiyo unahitaji 79. Simama hapo kidogo. Kule kwenye bumu tulipata x ≤ 12.22 tukashuka mpaka siku 12. Hapa tumepata 78.33 na tumepanda mpaka 79, ingawa desimali ni ndogo kuliko nusu. Ile kanuni ya kukadiria kwamba tano na zaidi inapanda haina kazi hapa. Mstari ndio unaoamua: tafuta namba nzima ya kwanza *iliyo ndani ya eneo lililokolezwa*. 78 iko nje, 79 iko ndani.

Mwenzako ameingia na 8 tu. Kwa A:

8 + 0.6m ≥ 70
m ≥ 103.33

Lakini karatasi ina dari, m ≤ 100. Chora zote mbili kwenye mstari mmoja: moja inaanzia 103.33 kwenda kulia, nyingine inaishia 100 kwenda kushoto. Hazigusani popote. Hesabu haina jibu, na hilo nalo ni jibu kamili, liandike hivyo kwenye mtihani bila hofu. Lakini mwenzako asikate tamaa, aulize swali jingine. Kufaulu je?

8 + 0.6m ≥ 40
m ≥ 53.33

Anahitaji 54. Hiyo inawezekana kabisa. Nimeona watu wanaacha kusoma kozi fulani kwa sababu "imeshakufa", wakati hesabu ya mistari mitatu ingewaonyesha bado inapumua. Kama chuo chako kina sharti la ziada, mfano alama ya chini kabisa ya UE peke yake, liongeze kama sentensi ya pili na uangalie maeneo yanapokutana.

"Na" isiyo na, "au" isiyosemwa

Hilo la maeneo kukutana ndilo tunaloita "na". Mfano wake mzuri ni GPA. Daraja la pili la juu linaandikwa 3.5 mpaka 4.3, la kwanza linaanzia 4.4. Mtu wa hesabu atauliza: mwenye 4.35 yuko wapi? Jibu ni kwamba GPA inaandikwa kwa desimali moja, kwa hiyo hakuna 4.35 kwenye cheti. Kwa namba hizo mchoro ni nukta zilizopangana, siyo mstari mzima. Ukitaka kuandika bila kuacha pengo lolote, andika 3.5 ≤ g < 4.4: duara jeusi kwenye 3.5, duara tupu kwenye 4.4, na mstari uliokolezwa katikati.

"Au" ni tofauti, maeneo mawili yanakubalika kila moja kivyake. Hapa Kiswahili chetu kinaweza kutuzunguka. Kwenye huduma za afya nchini, makundi yanayotajwa kusamehewa gharama ni pamoja na watoto chini ya miaka 5 na wazee kuanzia miaka 60 wasio na uwezo. Sentensi inasema "na". Ukiiandika kwa hesabu kama "x < 5 na x ≥ 60" umewanyima wote, maana hakuna mtu mwenye miaka chini ya 5 ambaye pia amefika 60. Kinachomaanishwa ni x < 5 *au* x ≥ 60: vipande viwili vinavyotazamana mbali. Usitafsiri neno, tafsiri maana.

Tunaenda nalo wapi

Mada hii inaonekana ndogo, inaingia mapema sekondari na inapita kwa wiki chache. Lakini kidato cha nne inarudi kwa sura nyingine, pale mwanafunzi anapochora mistari kadhaa kwenye grafu na kutafuta faida kubwa au gharama ndogo ndani ya eneo linaloruhusiwa. Aliyekariri "geuza alama" bila kuona mstari ukipinduka, huko hatajua akolezee upande gani. Na sisi tutasema watoto hawana akili ya hesabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu watarajiwa ni moja. Mwanafunzi akiuliza "kwa nini", usimpe kanuni. Mpe mstari, na umpe namba moja ya kujaribia. Kwenye hesabu ya bumu weka x = 0: mtu asiyekula hata siku moja hakika pesa inamtosha, kwa hiyo sifuri lazima iwe ndani ya eneo lililokolezwa. Kama haimo, umekoleza upande usio wenyewe. Ukaguzi huo ni wa sekunde tano na hauhitaji kumuuliza mwalimu.

Jipime

Tatua na uchore kila jibu kwenye mstari wa namba.

1. 5 − 2x < 11
2. 3(x − 2) ≥ 5x + 4
3. −4 < 2x + 2 ≤ 10
4. Darasa lenu linakodi basi la viti 60 kwa sh. 450,000. Mfuko wa darasa una sh. 90,000, na kila msafiri atachanga sh. 7,000. Wasafiri wanaweza kuwa wangapi ili nauli itimie na kila mtu apate kiti?

Majibu: (1) x > −3, duara tupu, mshale kulia. (2) x ≤ −5, duara jeusi, mshale kushoto. (3) −3 < x ≤ 4, duara tupu kwenye −3, jeusi kwenye 4. (4) Hesabu inatoa n ≥ 51.43, na viti vinatoa n ≤ 60, hivyo wasafiri ni kuanzia 52 mpaka 60. Mchoro wake ni nukta tisa, siyo mstari, maana hakuna nusu mtu anayepanda basi.